Mlango, Mchanga na Shuka

Sura ya tatu ya riwaya yangu ilinishinda miezi minne. Ndani yake kuna familia ya watu sita, nyumba ya kupanga yenye korido katikati na vyumba huku na huku, na redio inayotangaza kwamba bomu la nyuklia limelipuka mbali, vumbi lake litafika baada ya saa tano. Basi, hapo kalamu ikagoma. Nilimfanya baba afunge madirisha. Nikamfanya mama achote maji. Halafu? Rafiki yangu mmoja, msomaji wangu wa kwanza na mkali kuliko wote, aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hawa watu wamekaa tu wanasubiri kufa. Ungekuwa wewe ungekaa?"

Nisingekaa. Ila ningefanya nini, sikujua. Nikaona niache kutunga kwanza, nitafute watu ambao jambo hili liliwakuta kweli, siyo la kwenye filamu. Nikawapata. Na kilichonishangaza ni kwamba waliokutwa na vumbi lile siku moja, kutoka bomu lile lile, walikuwa makundi manne tofauti, na kila kundi lilikutwa likiwa na ujuzi wake na kuta zake. Ni kama vile mtu mmoja mkatili alipanga jaribio.

Siku yenyewe ni tarehe 1 Machi 1954. Mahali ni Bikini, duara la visiwa vya matumbawe huko Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Saa 12:45 asubuhi Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni walilolipa jina la siri la Bravo. Wataalamu walitegemea nguvu ya megatani 6 hivi. Ikatoka megatani 15, karibu mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Walikuwa wamekosea hesabu: aina moja ya lithiamu iliyokuwamo ndani ya bomu, ambayo waliiona haina mchango mkubwa, ilishiriki mlipuko kikamilifu. Bomu likachimba tumbawe la bahari, likalisaga, likalirusha angani. Juu kule lile tumbawe lililosagika likashikana na mabaki ya mlipuko yenye mionzi, kisha likaanza kurudi chini likiwa unga mweupe, upepo ukiusukuma kuelekea mashariki.

Kundi la kwanza ni wanaume tisa. Hawa ndio waliobonyeza kitufe. Walikuwa kwenye kisiwa cha Enyu, umbali wa kilomita 30 na kitu kutoka bomu lilipokuwa, ndani ya jengo la zege lenye kuta nene lililofukiwa kwa mchanga. Mkuu wao aliitwa John Clark, na miongoni mwao alikuwamo mhandisi Bernard O'Keefe ambaye baadaye aliandika habari zile kitabuni. Mlipuko ulipofika, jengo liliyumba kama jahazi. Walipodhani mambo yamekwisha walitoka nje kuangalia. Vipima mionzi vikaanza kupanda. Wakarudi ndani mbio, wakafunga mlango. Mionzi ikaendelea kupanda hata humo ndani, wakahama chumba, wakajibana kwenye chumba cha ndani kabisa ambako vipimo vilikuwa chini. Humo wakangoja siku nzima.

Jioni helikopta zikaja. Sasa hebu tazama: hawa ni mabingwa wa sayansi ya nchi tajiri kuliko zote duniani, wametoka kulipua bomu kubwa kuliko yote ambayo Marekani imewahi kulipua, na kilichowavusha kutoka mlangoni hadi kwenye helikopta ni shuka za kitandani. Kila mmoja alijifunika shuka mwili mzima ili vumbi lisiguse ngozi wala nguo. Nilipoisoma hiyo nikacheka peke yangu kama mwehu. Lakini shuka ile ina maana. Vumbi la mionzi ni vumbi kweli, linaanguka, linakaa juu ya kitu, linakung'utwa. Siyo mzimu.

Kundi la pili ni Wamarekani 28 waliokuwa kisiwa cha Rongerik, wengi wao wapima hali ya hewa. Hawa hawakuwa na zege. Walikuwa na mabanda ya alumini, bati tupu kwa lugha yetu. Kipima mionzi chao kilipofika mwisho wa kipimo chake walijua maana yake. Wakavaa nguo za ziada, wakaingia ndani, wakatulia humo kadiri walivyoweza. Waliondolewa kwa ndege kwa awamu mbili, kati ya saa 28 na 34 hivi baada ya mlipuko. Bati haliwezi kuzuia mionzi inayopenya, kwa hiyo mionzi waliipata. Ila ngozi zao ziliungua kidogo tu, kwa sababu unga haukukaa mwilini.

Kundi la tatu ni wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya meli ya jodari iitwayo Daigo Fukuryu Maru. Walikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Waliona mwanga magharibi, wakasikia kishindo, wakaanza kuvuta nyuzi zao, kazi ya saa kadhaa. Unga ukawanyeshea wakiwa kazini. Uliingia machoni, masikioni, ndani ya kola za mashati. Walirudi bandari ya Yaizu tarehe 14 Machi wakiwa na vidonda na ngozi iliyogeuka rangi. Mtu wa redio wa meli ile, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo. Wajapani wakaupa unga ule jina: majivu ya kifo.

Na kundi la nne ni wenyeji. Watu 64 walikuwa kisiwani Rongelap na wengine 18 kutoka huko huko walikuwa Ailinginae kwa shughuli zao. Kutoka Bikini hadi Rongelap ni kama kilomita 150. Mwaka 1946, mabomu yalipojaribiwa Bikini kwa mara ya kwanza, watu wa Rongelap walihamishwa kwa muda. Mwaka 1954, kwa bomu kubwa kuliko yale mara mamia, hawakuhamishwa. Hawakuambiwa kitu. Asubuhi waliona kama jua linachomoza upande wa magharibi. Baada ya saa kama nne hadi sita unga ukaanza kushuka. Watoto wakauchezea. Ukaingia kwenye maji ya kunywa, ukaingia kwenye chakula, ukashikamana na nywele zilizopakwa mafuta ya nazi.

Nyumba zao zilikuwa za makuti. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa nyumba ya makuti ni nini: upepo unapita, mwanga unapita, na vumbi linapita. Jioni watu wakaanza kutapika na kuwashwa. Kesho yake, tarehe 2 Machi, watu wawili walishuka kwa ndege ya majini wakiwa na mashine ya kupima. Wakapima, wakakaa kama dakika 20, wakaondoka. Meli ya kuwachukua ilifika tarehe 3, zikiwa zimepita saa 50 hivi tangu mlipuko.

Nilipofika hapo kwenye kusoma ikabidi nielewe hizo saa 50 zina uzito gani. Na hapa naomba uvumilivu wako msomaji, hesabu siyo ndefu, na mimi mwenyewe hesabu za shule zilinitoa jasho.

Mionzi ya vumbi hili inapungua yenyewe, na kanuni ya kuikadiria ni rahisi kuliko jedwali la kuzidisha. Kila muda ukiongezeka mara saba, ukali unashuka mara kumi. Ukichukua ukali wa saa moja baada ya mlipuko kuwa 1,000, baada ya saa 7 ni 100. Baada ya saa 49, yaani siku mbili, ni 10. Baada ya wiki mbili ni 1. Kwa hiyo anayetaka kuishi hahitaji kujificha mwaka mzima. Anatakiwa ajifiche mwanzoni, na ajifiche haswa. Siku mbili za kwanza ndizo zinazoua. Sasa rudi Rongelap. Waliachwa kwenye unga kwa siku mbili hizo hizo, karibu saa kwa saa, kisha meli ikaja. Ungesema mtu aliisoma kanuni kinyumenyume.

Kanuni ya pili ni ya ukuta. Kinachozuia mionzi ile inayopenya siyo ujanja bali uzito. Udongo ulioshindiliwa, wenye unene wa inchi 3.6, yaani kama sentimita 9, unapunguza mionzi kwa nusu. Ongeza sentimita 9 nyingine, nusu ya nusu. Ukifika futi tatu umeikata nusu mara kumi, na inayobaki ni sehemu moja kati ya elfu. Udongo wa kawaida! Siyo risasi, siyo chuma. Chini ya miguu ya familia yangu ya sura ya tatu palikuwa na dawa tele, na mimi nilikuwa namhangaisha baba na madirisha.

Huyo aliyeyafanya haya kuwa kazi yake ya maisha aliitwa Cresson Kearny, Mmarekani, mtafiti wa maabara ya Oak Ridge. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Panama akiwasaidia wanajeshi kujua namna ya kuishi msituni, na ukimsoma unaona kabisa ni mtu wa msitu, hana imani na kitu cha kununua dukani. Kitabu chake, Nuclear War Survival Skills, kilitoka mwaka 1979, na alikiachia bure, yeyote akichape. Kinachonifanya nimheshimu ni namna alivyokijaribu. Hakukaa ofisini akachora. Aliwachukua watu wa kawaida, familia nzima na watoto, akawapa karatasi ya maelekezo tu, akaahidi kuwalipa kama wangemaliza kwa muda, akasimama pembeni kuangalia wanakosea wapi. Wakikosea, kosa ni la karatasi, inaandikwa upya. Sisi wanaojifunza kuandika tungejaribiwa hivyo ingetusaidia sana.

Handaki lake la haraka kuliko yote linaezekwa kwa milango. Unang'oa milango ya ndani ya nyumba. Unachimba mtaro mwembamba ambao watu wanaweza kukaa wakiwa wamejipanga mstari. Unalaza milango juu yake, inakatiza, unatandika nailoni, kisha unarudishia udongo juu. Mtu atauliza, kama nilivyouliza mimi, mlango wa chumbani utabebaje tani za udongo bila kuvunjika? Jibu ni kwamba udongo wenyewe unajibeba. Mlango ukianza kubonyea kidogo, udongo ulio juu unajikaza kwa upinde na kuegemea kwenye udongo wa pembeni. Mlango unabaki na kazi ndogo tu. Ndiyo maana lazima udongo uwe mnene. Ukiweka mwembamba, unakosa kinga na unakosa upinde pia.

Nilipiga hesabu yangu. Milango mitatu ikipangwa sambamba inafunika kama mita 2 kwa mita 2.4. Weka udongo wa sentimita 90 juu yake. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita 4 za ujazo, yaani ndoo za lita 20 zipatazo 216, na uzito wake unakaribia tani 7. Watu sita, ndoo 36 kwa kila mmoja. Inachosha, ila kwa saa tano inawezekana, ikiwa hakuna anayelia kona moja badala ya kuchota.

Kearny alisisitiza jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii, na kwa nchi za joto kama yetu lingekuwa la kwanza. Watu waliobanana kwenye shimo hawaanzi kuzidiwa kwa kukosa hewa. Wanazidiwa na joto la miili yao wenyewe. Kwa hiyo shimo lazima liwe na matundu mawili, hewa iingie huku itokee kule. Kwa siku zisizo na upepo alibuni pampu ya fremu ya mbao na vipande vya nailoni vinavyofunguka na kujifunga kama mapezi, unaivuta kwa kamba ikibembea. Vumbi je, halitaingia? Chembe zinazoua ni nzito, ni kama mchanga mwembamba, zinaanguka. Tundu likiwa na kipaa juu yake, nyingi zitabaki nje.

Na alitengeneza kipima mionzi cha kopo. Kopo tupu la chakula, vijikaratasi viwili vya alumini vilivyoning'inizwa kwa uzi, nailoni ya uwazi juu yake, na chini vipande vya jipsamu vilivyokaushwa kwa moto ili vinyonye unyevu. Unasugua plastiki, unavipa vijikaratasi umeme wa msuguano, vinaachana. Mionzi inapopita vinarudiana, na kasi ya kurudiana ndiyo kipimo. Fikiria mtu amekaa gizani anatazama vijikaratasi viwili vinakaribiana. Hiyo nimeiba, itaingia kwenye riwaya.

Waingereza walikuwa na njia yao, ya kiungwana zaidi. Mwaka 1980 serikali ilianza kuuza kijitabu kiitwacho Protect and Survive kwa peni 50. Hakuna kuchimba bustani. Chagua chumba kilicho mbali na kuta za nje, ng'oa milango, iegemeze ukutani kama kibanda cha kuku, halafu ifunike kwa mifuko na masanduku ya udongo, mchanga, hata vitabu na nguo. Jamaa wote mwingie humo mkae siku mbili bila kutoka (siku mbili zile zile), kisha mbaki ndani ya nyumba hadi wiki mbili. Choo ni kiti kilichotobolewa na ndoo chini yake. Madirisha yapakwe rangi nyeupe yarudishe mwanga wa mlipuko. Anayekaa ghorofani asijifiche kwenye ghorofa mbili za juu. Na kulikuwa na maelekezo ya nini cha kufanya na maiti, ifungwe, iandikwe jina.

Kijitabu kilichekwa sana. Mwanahistoria E. P. Thompson alikijibu mwaka huo huo kwa kijitabu chake alichokiita Protest and Survive, akisema kwa ufupi kwamba kumfundisha mtu kujificha nyuma ya mlango ni kumzoesha vita. Mwaka 1982 mchoraji Raymond Briggs alitoa kitabu cha picha, When the Wind Blows, kuhusu mzee na mkewe wanaofuata maelekezo yale kwa utiifu wote, hatua kwa hatua, mpaka wanakufa. Marekani nako, afisa wa wizara ya ulinzi, T. K. Jones, alijikuta kichekesho cha taifa baada ya kumweleza mwandishi wa habari kwamba shimo, milango miwili na futi tatu za udongo vinatosha, mradi makoleo yawepo ya kutosha watu wote.

Mimi naona waliocheka walikuwa sahihi na wamekosea kwa wakati mmoja, na sioni aibu kusema hivyo. Kibanda cha milango hakiwezi kukusaidia kitu kama bomu limeangukia mjini kwako. Nyumba yenyewe haitakuwepo. Na Thompson hakuwa mjinga, serikali inayogawa maelekezo ya maiti imeshakubali kitu fulani moyoni. Lakini Rongelap haikupigwa na bomu. Ilipigwa na vumbi tu, kilomita 150 mbali. Kwa watu 64 wale, mashimo ya mchanga na mtu wa kuwaambia "ingieni, msile, msinywe ya kisimani, kung'uteni nywele" vingebadilisha maisha yao yote. Wanasayansi waliowachunguza baadaye waligundua kwamba hata watoto walioingia kucheza baharini siku ile waliungua kidogo, kwa sababu maji yaliwaosha bila wao kujua.

Mwezi huo huo wa Machi 1954 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilitangaza kwamba wenyeji waliondolewa kama tahadhari, wako wazima, hawana majeraha ya kuungua. Wiki mbili hivi baada ya unga kuanguka majeraha yalijitokeza, na nywele zikaanza kunyonyoka. Mwaka 1957 walirudishwa Rongelap, wakaambiwa ni salama. Wengi wa waliokuwa watoto chini ya miaka 10 siku ile walipata uvimbe wa tezi ya shingo miaka iliyofuata. Mtoto wa kiume wa John Anjain, kiongozi wa kisiwa, alikuwa na mwaka mmoja siku ya unga. Alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972 akiwa na miaka 19. Mwaka 1985 walihama wenyewe, serikali haikuwasaidia, wakachukuliwa na meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior.

Kuna swali jingine ambalo Wamarekani wenyewe waliulizana mwaka 1961, mwaka ambao Rais Kennedy aliwahutubia, Julai 25, na watu wakakimbilia kujenga maficho kwenye bustani zao: jirani ambaye hakujenga akija kugonga, unamfungulia? Padri mmoja Mjesuti, L. C. McHugh, aliandika kwamba mtu ana haki ya kulinda mlango wake hata kwa nguvu. Zikazuka kelele. Septemba hiyo hiyo tamthilia ya televisheni ya The Twilight Zone ikaonyesha majirani waliokuwa wakila keki pamoja wakivunja mlango wa handaki la daktari. Kwa nyumba ya kupanga swali hili halipo hivyo. Kwetu huwezi kuchimba shimo uani bila korido nzima kujua, na milango ya kung'oa ni ya wapangaji wote. Hilo lilinisaidia. Mtu mwenye handaki la siri hawezi kuwepo kwenye hadithi yangu. Ni lazima wachimbe wote au asichimbe mtu.

Nilimpelekea babu habari zote hizi. Babu alikuwa Bukoba mwaka 1978, ndege za Idi Amin zilipokuja kupiga, na neno handaki kwake siyo la kitabuni.

"Shikamoo babu. Nataka kujua handaki lenu lilikuwaje."

"Marahaba. Wewe unataka kupigana na nani?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza mnakaa humo muda gani. Nikasema siku mbili kwa uchache. Akatikisa kichwa. Handaki lao, alisema, lilikuwa la kurukia. Ndege ikisikika mnaruka, ikipita mnatoka mnaendelea kupika. Hakuna aliyelala humo. "Siku mbili na watoto? Mtasalimiana kwa ngumi." Kisha akataka kujua tundu la hewa liko wapi, na nilipomwambia yako mawili akaridhika. "Lenye tundu moja ni kaburi, mjukuu wangu."

Jumamosi iliyofuata mimi na binamu yangu tukachukua jembe na koleo, tukaanza kuchimba nyuma ya nyumba tunayopanga, hapa Dar. Nilitaka kujua mikono inauma baada ya muda gani, kwa sababu ya riwaya. Saa ya kwanza tuliimba. Saa ya pili hatukuimba. Mchanga wa Dar unachimbika kirahisi lakini kingo zake hazisimami, kila tukitoa koleo moja nusu inarudi. Kufika futi nne, miguu ikaloa. Tuliangaliana. Maji yalikuwa yanapanda taratibu kutoka chini, masafi kabisa, na baada ya dakika chache shimo likawa kisima.

Nikarudi kwa Kearny. Alilijua hilo pia: penye maji karibu huchimbi chini, unajenga juu, kuta za mbao na shuka zilizojazwa udongo, kisha unarundika tuta pande zote. Shuka! Unalaza shuka, unajaza mchanga, unakunja ukingo juu yake, unapanga tena juu ya hiyo. Ndoo zangu 216 zikawa zaidi ya mara tatu, kwa maana sasa hata kuta zinahitaji mchanga. Saa tano hazitoshi kwa familia moja. Kwa wapangaji wote wa nyumba, labda.

Jambo moja zaidi, kisha nimalize. Nilipokuwa natafuta urani inatoka wapi nilikutana na jina Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa huko Katanga, Kongo, ambako watu wanaongea Kiswahili, na wachimbaji waliokuwa wakibeba mawe yale hawakuambiwa ni ya nini. Sijui niiweke wapi kwenye kitabu. Nimeiandika kwenye karatasi, nimeibandika ukutani.

Mama mwenye nyumba alirudi saa kumi na moja jioni, akatazama shimo, akatazama maji, akatutazama sisi. Hakuuliza. "Mbu hao mtawalea wenyewe?" Tulifukia kabla ya magharibi. Usiku ule nilifuta sura ya tatu yote. Sasa inaanza na ndege ya majini ikitua kwenye rasi tulivu, watu wawili wanashuka na mashine, wanaielekeza kwenye maji, na mtoto mwenye unga mweupe kichwani amesimama ufukweni anawangojea waseme kitu.